Kibao cha Mstari wa Nne

Watu wengine wakikuelekeza njia watakuambia pinda kushoto ukifika benki. Mama yangu mdogo atakuambia pinda kushoto ukifika kwenye choo cha kituo cha mafuta. Siyo kile cha mbele chenye komeo bovu; kile cha nyuma, ambacho mlinzi wake ukimsalimia vizuri anakupa na karatasi. Mji huu anaujua kwa vyoo. Anajua ofisi gani ina maji na ipi ina ndoo tu. Anajua muuza vitambaa yupi ana huruma na yupi atakuambia choo ni cha wafanyakazi huku anakuona umekunja miguu. Maktaba hajawahi kuazima kitabu hata kimoja, ila anajua ina vyoo vitatu, na cha katikati hakijawahi kuwa na balbu.

Hakujifunza hayo kwa kupenda. Ana tumbo.

Nikisema ana tumbo simaanishi kitambi. Kitambi kingekuwa nafuu, kitambi kinakaa kimya. La kwake lina hasira zake na halitoi taarifa. Siku tatu linafunga kama ofisi iliyogoma, siku ya nne linafungua milango yote kwa pamoja. Linajaa gesi mpaka sketi inagoma kufungwa kifungo. Linasokota. Linanguruma kwenye msiba, watu wakiwa wameinamisha vichwa, mpaka mfiwa anageuka kutazama.

Kazi yake ni kushona kola. Usimwite fundi cherehani, atakusahihisha. Kwenye kiwanda cha mashati alikofanya kazi miaka kumi na mmoja hakuna mtu anayeshona shati. Yuko anayeshona mfuko, yuko anayeshona mkono, yuko anayetoboa matundu ya vifungo tangu asubuhi mpaka jioni kama ana ugomvi nayo, na mama mdogo anashona kola. Kola ndiyo uso wa shati. Ncha zake mbili zinatakiwa zilingane kama mapacha, na zikipishana hata kwa unene wa uzi, yeye anafumua. Kijana mmoja alikuja kwetu kumposa binamu yangu, amevaa suti, ana barua, ana mjomba mwenye maneno matamu. Walipoondoka mama mdogo alisema neno moja tu: "Kola ya kulia imelala." Na kweli, ndoa haikufika mbali. Siwezi kusema ni kwa sababu ya kola.

Mstari wake ni wa nne. Mashine thelathini zimepangwa safu mbili, na choo kiko nje, ng'ambo ya uwanja, jirani na banda la wakata nyuzi. Kila mstari una kibao kimoja cha choo. Ni ubao wa ukubwa wa daftari, umepakwa rangi nyekundu na kuandikwa namba kwa nyeupe, unaning'inia kwenye msumari pembeni ya meza ya msimamizi. Ukitaka kwenda, unakichukua, unakivaa shingoni kwa kamba yake, unapita mbele ya mashine zote, unavuka uwanja, unarudi, unakitundika. Kama hakipo msumarini, subiri. Mwenzako amekwenda kwa niaba yenu wote.

Namba za vibao hivyo alizichora mume wake, baba mdogo, ambaye ni mchora mabango. Namba nne aliiwekea na kivuli, kazi safi kabisa. Siku ya kwanza mama mdogo kuivaa alirudi nyumbani akamwambia, "Leo mkono wako umenining'inia shingoni."

"Ulipendeza?"

"Mguu wa hiyo nne umepinda kidogo."

Baba mdogo hakula vizuri siku hiyo. Unaweza kumwambia mwanamume huyo chochote kuhusu familia yake, lakini usiguse mistari yake.

Msimamizi wa mstari wa nne ni mwanamke mdogo tu wa umri, wanamwita Filimbi kwa sababu anayo shingoni na anaipuliza. Alipoingia kiwandani alikuwa na miaka kumi na tisa na hajui kutunga uzi kwenye sindano. Mama mdogo ndiye aliyemfundisha kola, miezi sita, kwa rula ya mbao ambayo mara ilipima kitambaa mara ilipima vidole. Baadaye Filimbi akapandishwa, kwa kuwa ana cheti cha shule na sauti inayosikika mpaka stoo. Hata hivyo kila asubuhi alipitia mashine ya kola kwanza.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Mashine ya saba inaruka nyuzi, mwite fundi."

Basi maisha yakaenda hivyo, mama mdogo akivaa kibao mara tano, mara sita kwa zamu moja, watu wakimtania kwamba ameolewa na namba nne, naye akijibu kwamba ndiyo, na namba nne haikoromi. Mpaka Jumatatu moja tangazo likabandikwa getini. Mstari wa nne utapunguzwa kutoka mashine thelathini hadi ishirini na mbili. Kutakuwa na wiki kumi za uangalizi. Atakayechukua kibao zaidi ya mara mbili kwa zamu atapata alama moja, na alama zitasomwa kila Ijumaa saa tisa mbele ya wote. Atakayezidisha alama thelathini mwisho wa muda huo atahamishiwa banda la nyuzi.

Banda la nyuzi ni kibarua cha siku. Unaokotwa getini asubuhi au huokotwi. Unakaa juu ya boksi lililokunjuliwa, unakata vipande vya uzi vilivyobaki kwenye mashati ya watu wengine. Hakuna mashine yako, hakuna kadi ya hospitali, hakuna anayejua jina lako. Mama mdogo alilisoma tangazo lile akiwa amesimama, halafu akaenda chooni.

Alikwishapimwa kila kinachopimika. Damu, haja, picha ya tumbo, hadi kamera ndogo iliyopitishwa mahali ambapo mimi kama mtoto wa dada yake sitapataja. Vyote safi. Daktari, mzee mpole mwenye kola iliyochakaa (nimeambiwa), alimweleza vizuri: "Utumbo wako ni mzima, mama, ila una hasira. Unashtuka upesi."

"Nani kaukasirisha?"

"Mara nyingi chakula. Mara nyingi zaidi, mawazo."

Akampa vidonge vya kulegeza msokoto. Vililegeza msokoto, vikalegeza na kope. Siku ya tatu alisinzia sekunde moja mashineni na sindano ikapita kwenye ukucha wa kidole gumba, ikatokea upande wa pili. Kola ilitupwa. Alivirudisha vidonge kwa daktari akiwa na bandeji. "Tumbo nitaishi nalo," alisema. "Vidole nina kazi navyo."

Daktari akamwambia basi tujaribu njia za kawaida, zisizo na dawa. Aandike kila anachokula na tumbo lilivyojibu. Aondoe vyakula kimoja kimoja, kisha avirudishe kimoja kimoja, aone mkorofi ni nani. Ale polepole. Anywe mnanaa. Aongeze nyuzinyuzi taratibu. Atembee. Ajifunze kupumua.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilisoma lishe mihula mitatu kabla chuo na mimi hatujaachana kwa amani, kwa hiyo nyumbani mimi ndiye profesa. Nilinunua daftari la kurasa mia, nikalipigia mistari: saa, nilichokula, tumbo limesemaje, choo, maelezo. Nikampa na hotuba.

"Mamdogo, humu ukidanganya unamdanganya nani? Andika kila kitu. Hata ukilamba kijiko."

"Mimi nimewahi kuachia kola mbovu ipite?"

"Hapana."

"Basi nenda kaoshe vyombo."

Akaandika. Sijaona mgonjwa anayeandika namna ile. Dakika na zote. Tarehe sita, saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi: nimelamba kijiko cha maziwa ya mtoto wa jirani, sikufikiri. Saa moja na robo: msokoto. Mtu aliyekaa miaka kumi na mmoja akitafuta kosa la unene wa uzi, ukimpa tumbo lake mwenyewe alikague, halali.

Ushauri wa watu nao haukukosa. Jirani wa ghorofa ya juu anauza dawa za mizizi, na dawa zake zote zinatibu magonjwa yote. Alileta unga mweusi kwenye kijiko cha supu. "Unasafisha," alisema. Ulisafisha. Daftari la siku ile lina mstari mmoja tu: "Jumamosi. Unga wa jirani. Sina la kuandika, bado nimo chooni." Mwenzake wa mashine ya vifungo akamwambia atafune vitunguu saumu vibichi. Hilo nalo likaandikwa, na mimi nililazimika kufungua madirisha.

Tukaanza kuondoa. Wiki ya kwanza maziwa. Wiki ya pili vitunguu, vya maji na saumu. Halafu maharage, halafu kabichi. Ikabaki nyumba ya wali, mayai, viazi na karoti, tunatazamana.

"Mchuzi bila kitunguu," alisema baba mdogo akiinua kijiko, "ni maji yaliyopita jirani na nyama."

"Si ya milele," mama mdogo akamwambia. "Wiki kumi."

"Mimi sina alama yoyote kiwandani. Kwa nini nahukumiwa?"

"Kwa sababu umeoa."

Wiki moja baadaye nilitafuta bisibisi kwenye sanduku lake la brashi, nikakuta kitunguu kimoja kikubwa, kimeumwa upande.

"Hiki nini, baba mdogo?"

"Cha kufutia rangi."

Mnanaa tuliupanda kwenye makopo yake ya rangi matupu, dirishani. Majani kiganja kimoja, maji yaliyochemka, unafunika dakika kumi ili kile kinachosaidia kisipande na mvuke, unakunywa moto nusu saa kabla ya kula. Kuna na maganda ya mbegu yanayouzwa maduka ya dawa, ukiyatia maji yanavimba yanakuwa kama makamasi, niwie radhi kama unakula. Tulianza na nusu kijiko, kwa kuwa ukianza na vijiko vitatu unatengeneza puto. Jioni aliweka chupa ya maji ya moto tumboni, imefungwa taulo. Alfajiri alizunguka mtaa mara tatu kwa miguu ili tumbo limalize mambo yake nyumbani, siyo kwa mwajiri. Nikamfundisha na kupumua: mkono juu ya kitovu, vuta hewa ukihesabu nne, toa ukihesabu sita, tumbo lipande siyo kifua.

"Miaka arobaini na sita," alisema akiwa amelala chali, "kumbe napumua vibaya."

"Ulikuwa unapumua ya kutosha kuishi tu."

"Na hii ya sasa ni ya nini?"

Hilo lilikuwa somo la muhula wa nne, ambao sikuufikia.

Lakini ilisaidia, na hili sitaki kulipunguza. Mara sita zikawa nne, nne zikawa tatu. Wiki ya tano zilipita siku mbili mfululizo bila alama. Alirudi nyumbani akavua viatu mlangoni na kusema, "Leo nimekivaa mara mbili tu. Kamba imepoa." Akacheka mpaka akashika ukuta. Sketi ya bluu ilirudi kufunga. Alipanga mpaka siku ya kurudisha kitunguu, nusu kitunguu, kilichopikwa sana, na baba mdogo akaizungushia duara kwenye kalenda kwa brashi namba mbili.

Kilichobaki ni Ijumaa.

Nililiona wiki ya saba, nikiwa nimeketi na daftari kama mtu mwenye akili. Jumapili: wali, yai, karoti, mnanaa. Tumbo kimya. Choo mara moja. Ijumaa: wali, yai, karoti, mnanaa. Msokoto tangu saa mbili, choo mara tano. Nikarudi wiki ya sita, ikawa hivyo hivyo. Ya tano, hivyo hivyo. Hata Alhamisi jioni ilikuwa na dalili, kama mtu anayesikia hatua za mgeni asiyemtaka. Saa tisa ya Ijumaa alama zinasomwa kwa sauti, na kuanzia asubuhi utumbo wake unaisubiri saa tisa ile kuliko yeye.

Nikamwonyesha. "Mamdogo, siyo kitunguu."

"Ni nini?"

"Ni Ijumaa."

Alilivuta daftari karibu. Akageuza kurasa mwenyewe, kidole chenye ukucha mweusi kikishuka kwenye safu. Alikuwa ameshaliona, nadhani. Mkaguzi wa aina yake haliachi.

"Ijumaa naiachaje?" akaniuliza.

Basi akajaribu kupumua siku ya Ijumaa. Nne ndani, sita nje, huku akishona kola. Ukihesabu pumzi huhesabu mishono, na ukihesabu mishono tumbo linajua umesahau kupumua. Alipata alama ya ishirini na nane, ya ishirini na tisa, ya thelathini.

Sasa lipo jambo moja lazima lisemwe hapa, maana bila hilo hakuna atakayeelewa kilichotokea mbele. Kuanzia wiki ile ya saba, mara nyingine mama mdogo aliponyanyuka na uso umemkauka, kibao kikiwa hapo msumarini kinamsubiri na alama yake, Filimbi aligeuka. Alitazama saa ya ukutani. Alikwenda mwisho wa mstari kupuliza filimbi kwa mtu ambaye hakufanya kosa. Mama mdogo alipita nyuma yake shingo tupu, akavuka uwanja, akarudi, akakaa. Hawakusemezana neno, si siku ile wala nyingine. Kesho yake ilikuwa shikamoo mwalimu, marahaba mwanangu, mashine ya kumi na mbili inavuja mafuta. Hakumwambia mume wake. Hakumwambia mtu yeyote.

Aliliambia daftari. "Saa nne na dakika ishirini. Bila kibao. F. kageuka." Mara kumi na nne, kwa mwandiko ule ule ulionyooka. Niliyaona maandishi yale. Nilidhani ni jambo dogo.

Wiki ya kumi ilipoisha alikuwa na alama thelathini na moja. Moja ya ziada. Waliokuwa pale ukingoni waliambiwa wafike kwa afisa wa wafanyakazi wajieleze, na waje na ushahidi. Mwenye mimba alipeleka kadi ya kliniki. Mwenye sukari alipeleka vipimo vyake. Mama mdogo alikwenda kwa daktari kuomba barua, na daktari, mtu mwaminifu, akaandika ukweli: mgonjwa amepimwa, vipimo vyote ni vya kawaida.

"Hii barua inasema mimi ni mzima," alisema akiiweka mezani.

"Inasema hawakuona kitu."

"Ni hiyo hiyo kwa mtu wa ofisi."

Ndipo mimi, profesa, nikasema: peleka daftari. Nilikuwa na hoja. Daftari linaonyesha mgonjwa anayejitibu. Linaonyesha mara sita zikishuka mpaka mbili. Linaonyesha kwamba tumbo linasumbuka kwa sababu ya utaratibu wao wenyewe, Ijumaa kwa Ijumaa. Nilichora jedwali ukurasa wa mwisho, na baba mdogo akaandika kichwa cha habari kwa herufi zenye kivuli. Tukalifunika na jalada jipya la kaki.

Mama mdogo alikuwa amelishika mapajani. "Na yale mengine?"

"Yapi?"

"Ya binti, yule wa filimbi."

"Mamdogo, yule ni mtu wa ofisi. Atasoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Hakuna anayesoma katikati."

Nilisema hivyo kwa sababu mimi ndivyo nilivyosoma vitabu vyote vya chuo. Ningemwambia achane zile kurasa. Nilifikiria hata hilo, ila jedwali langu lilikuwa limetulia vizuri na sikutaka daftari lionekane limenyofolewa. Naye hakuwa mtu wa kuchana. Ukimfumulia kola ataishona upya, lakini hakati kitambaa kuficha kosa.

Afisa wa wafanyakazi alikuwa mtu mstaarabu sana. Alimpa kiti, akamwuliza habari za nyumbani, akavaa miwani, akaanza ukurasa wa kwanza. Halafu wa pili. Halafu wa tatu. Mama mdogo alituhadithia akiwa ameketi kitandani na chupa ya maji ya moto, sauti yake imenyooka kama anasoma vipimo vya shati.

"Alisoma yote?" niliuliza.

"Alilowesha kidole."

Alipofika katikati, afisa alisimamisha kidole. "Mama, huyu F. ni nani?"

Mama mdogo alitazama kola ya afisa.

"Hapa umekwenda mara kumi na nne bila kibao. Hizi hazimo kwenye alama zetu. Nani aligeuka?"

"Sikumbuki."

Afisa alivua miwani. Hakukasirika hata kidogo. "Unakumbuka kwamba tarehe sita ulilamba kijiko," alisema. "Huyu humkumbuki?"

Angeweza kutaja mtu mwingine, au kusema ni feni, imegeuka. Mimi ningesema ni feni. Alikaa kimya, na kimya chake kilitosha, kwa sababu kwenye mstari wa nne kuna mtu mmoja tu ambaye kazi yake ni kutazama. Halafu tumbo likanguruma. Akaomba ruhusa ya kutoka. Afisa akamwonyesha mlango wa choo cha ofisi, cha vigae, chenye sabuni ya maji na taulo, kipo hatua nne kutoka kiti alichokalia. Miaka kumi na mmoja hakujua kwamba kipo. Hicho ndicho choo pekee cha mji huu alichokuwa hajakiandika.

Jumatatu Filimbi alivuliwa filimbi. Hawakumfukuza, kwa kuwa anajua kazi. Walimkalisha kwenye mashine ya kola, kiti kile kile, na ule mto mdogo ambao mama mdogo aliushona kwa vipande vya mashati. Mama mdogo akapelekwa banda la nyuzi.

"Nilimfundisha kola nikamtoa kwenye kola," alisema. "Nimemrudisha."

Baba mdogo alikwenda kwenye kalenda, akalifuta lile duara kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akaacha doa. Mwezi uliofuata kiwanda kilimwita kurudia rangi ya vibao, na alikwenda, tungekula nini. Ila namba nne hakuiwekea kivuli.

Ungetegemea kwamba bandani tumbo litapoa. Choo kiko hatua kumi. Hakuna kibao, hakuna alama, hakuna anayejali kama umekwenda au umehama. Na lilipoa kweli, wiki mbili. Mara moja kwa siku, mara mbili. Alirudisha nusu kitunguu na halikusema kitu. Nilianza kunyoosha mgongo tena, nikaandaa hotuba.

Halafu akaanza kurudishwa getini. Vibarua wanasimama asubuhi nje ya geti, anatoka mtu na kalamu anaonyesha: wewe, wewe, wewe na yule. Ana miaka arobaini na sita na kidole gumba kimoja kisichokunjika vizuri, na wanaosimama naye wengi ni wasichana. Siku nyingine anaonyeshwa, siku nyingine saa mbili yuko nyumbani, bado na mkoba begani. Zamani Ijumaa ilikuwa siku moja kwa wiki. Sasa inakuja kila asubuhi. Tumbo lilielewa haraka kuliko sisi. Anakunywa mnanaa, anapumua nne kwa sita foleni nzima ikimtazama, anakula wali na yai, na akiwa amesimama pale getini anasokotwa mpaka jasho linamtoka juu ya mdomo. Siku mbili kalamu ilipita mahali pake akiwa chooni.

Daftari aliacha kuandika. Kurasa arobaini na kitu zimebaki tupu. Mimi nilimwomba msamaha siku moja tukiwa tunamwagilia makopo. Alichuma majani makavu moja moja kabla ya kujibu. "Jedwali lako lilikuwa zuri," alisema. Nilitamani anitukane.

Filimbi hakumsalimia miezi mitatu. Alivuka uwanja kwenda chooni na kibao shingoni, macho mbele, akapita mlango wa banda kama unavyopita duka unalodaiwa. Mwanzoni mara moja kwa zamu. Mama mdogo hakumtazama usoni. Alimtazama anavyotembea, na kutoka kwenye mwendo akajua. Mara mbili. Mara tatu. Magoti yamebanwa, mkono mmoja chini ya kitovu, hatua fupi fupi za haraka za mtu anayebeba bakuli lililojaa.

Wiki iliyopita alisimama mlangoni wakati wa kurudi. Namba nne shingoni, rangi mpya, bila kivuli. Wakata nyuzi wengine waliinua vichwa, kisha wakavirudisha kwenye kazi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

Filimbi aliangalia mashati yaliyorundikana. Kola zilikuwa zake. Mama mdogo alikuwa ameshaona kwamba zinalingana.

"Ule mnanaa wako," Filimbi alisema, "unafunika dakika ngapi?"

"Kumi."

"Na maziwa?"

"Acha kwanza. Na vitunguu."

"Nimeacha vyote, mwalimu. Haisaidii."

Mama mdogo aligeuza shati, akakata uzi, akalipuliza. Ilikuwa Alhamisi, na alama bado zinasomwa Ijumaa.

"Haya nenda, kibao kinasubiriwa," alimwambia. "Na usiandike popote."